KISIMA CHINI YA KOCHI — Sehemu ya Tisa: Povu Kwenye Utepe

Povu. Hapo ndipo tulipoachana Jumamosi iliyopita, na najua wapo waliolala nalo wiki nzima.

Kwa aliyechelewa nitasema mara moja tu, kwa hiyo atege sikio. Mpimaji, yule mwanamke wa ofisi ya maji mwenye buti za mpira, alikuwa amepiga magoti sebuleni kwa mama mkwe wake. Kochi limesogezwa, zulia limekunjwa, na sakafuni kifuniko cha chuma kiko wazi. Chini yake kuna bomba jembamba, upana wa kikombe cha chai, linaloshuka ardhini mita themanini. Hicho ndicho kisima cha serikali cha kupimia maji yaliyo chini ya mji mzima.

Kila Jumanne saa nne asubuhi Mpimaji hutumbukiza utepe humo. Ncha yake ikigusa maji hulia pii, naye husoma namba na kuiandika. Jumanne hii namba ilikuwa tamu kupita kiasi: maji yako mita thelathini na nane na nukta sita kutoka juu. Akavuta utepe. Ncha ikatoka na povu la sabuni.

Mnauliza kisima cha serikali kilifikaje sebuleni. Swali zuri. Kilichimbwa uani, kwa haki kabisa, halafu mama mkwe akataka sebule kubwa. Halmashauri ikampa kibali cha kujenga bila kuuliza kuna nini chini. Ofisi ya maji ilipoona ukuta unapanda, ikadhani halmashauri imeshaangalia. Kila ofisi iliamini umakini wa mwenzake, kochi likawekwa, na nyumba ikapendeza.

Na kifuniko kina kufuli mbili. Ufunguo wa kwanza anao Mhandisi, mtu wa serikali kuu. Wa pili anao Mwenyekiti wa Kamati ya Maji ya mji. Hakuna anayeweza kufungua bila mwenzake, na katika makaratasi jambo hilo linaitwa Ushirikiano. Tatizo ni kwamba washirika hao hawajasalimiana kwa miezi kumi na minne, tangu walipogombania mhuri wa nani uwe juu kwenye fomu. Wanakaa kochi moja, wanatazama ukuta mmoja, na wakitaka kuambizana jambo wanaandikiana barua.

Hata hivyo Jumanne hii walikuwa wamevaa suti. Juu ya meza ndogo ilikuwepo Hati ya Pamoja, ikieleza kwamba kwa sababu ya ushirikiano wao wa kupigiwa mfano, maji ya ardhini yamepanda zaidi ya mita tano katika mwaka mmoja na nusu. Kwa hiyo kiwanda cha barafu kinaruhusiwa kuchimba visima saba vikubwa. Zilikuwa zinasubiriwa sahihi mbili tu.

Sasa turudi kwenye povu.

Mpimaji alilifuta haraka kwa kiganja kabla wakubwa hawajaliona. Akanusa. Sabuni ya unga, ile yenye harufu ya ndimu. Aliijua harufu hiyo, kwa sababu mashuka yake mwenyewe yalifuliwa nayo katika nyumba hii hii alipokuwa amejifungua. Akainua macho polepole kumtazama mama mkwe. Mama mkwe alikuwa anatazama dari.

Mpimaji akasema, kwa heshima zote, kwamba anaomba mama amsaidie kidogo jikoni.

Jikoni alifunga mlango.

"Mama, umemwaga nini kisimani?"

"Kisima gani?"

"Mama."

"Maji ya kusuuzia tu," alisema mama mkwe, akipanga vikombe vilivyokuwa vimeshapangwa. "Yale ya mwisho. Masafi kabisa."

Mpimaji alishika ukingo wa meza. Akauliza inawezekanaje, na kufuli mbili zote zile. Mama mkwe akamwangalia kwa huruma, namna mtu anavyomwangalia msomi aliyepotea njia ya kwenda chooni.

"Kufuli ziko mbele, mwanangu. Nyuma kuna bawaba, na pini zake zinatoka kwa kidole. Nimefagia juu ya kile kifuniko miaka sita. Nyie mmelinda mbele tu."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumanne ile uliyolia."

Mpimaji aliikumbuka Jumanne ile. Mwaka mmoja na nusu uliopita maji yalikuwa yameshuka mita mbili kwa mwezi mmoja, na Mhandisi akamwandikia barua ya kumtaka ajieleze, kwa maandishi na ndani ya siku saba, kwa nini maji yanashuka. Kama vile aliyanywa yeye. Alikaa kwenye kochi hili, juu ya kisima hiki, akalia mpaka kilemba kikalowa.

"Nikasema mkwe wangu hatalia tena kwa ajili ya maji," mama mkwe aliendelea. "Nikaanza na ndoo moja. Ukapima, ukatabasamu. Basi. Kila Jumanne nikimaliza kufua, ndoo moja tu. Sijawahi kuzidisha."

Nawaambia ukweli, Mpimaji alitaka kumkumbatia na kumpigia kelele kwa wakati mmoja. Hakuna mtu aliyewahi kumfanyia jambo la upendo mkubwa kiasi hicho, wala la hatari kiasi hicho. Ndoo moja katika bomba jembamba inapandisha maji kwa saa nzima na zaidi, kabla hayajanyonywa na mwamba. Namba zake zote za mwaka mmoja na nusu zilikuwa maji ya kufulia.

Akamweleza kwa sauti ya chini. Pampu ya zahanati imening'inizwa mita hamsini na tano chini, inavuta kutoka maji haya haya. Kama maji ya kweli yameendelea kushuka wakati wao wanashangilia povu, basi yanakaribia pampu. Kiwanda kikichimba visima saba, zahanati itafungua bomba na itatoka hewa tu.

"Zahanati ile ninayopimwa presha?"

"Hiyo hiyo, mama. Na wodi ya wazazi."

Mama mkwe alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Ilikuwa ndoo yenyewe.

"Basi waambie ni mimi," alisema.

Hapo sasa ndipo palipouma. Sheria inasema anayemwaga kitu chochote katika kisima cha kupimia anafungwa miezi sita. Imechongwa kwenye kibati kilichogongomewa juu ya kifuniko, na mama mkwe amekipiga kitambaa kila asubuhi kwa miaka sita.

"Nilijua imeandikwa kitu," alisema. "Sikuwa na miwani."

Mpimaji akiandika namba ya kweli, zahanati inapona na mama mkwe anakwenda jela. Akinyamaza, mama mkwe anabaki na kochi lake, na mji unabaki na barafu. Na namba ya kweli yenyewe hakuwa nayo, maana bombani bado kulikuwa na maji ya kusuuzia. Alihitaji muda, angalau saa moja na nusu, na sebuleni Mhandisi alikuwa ameshafungua kalamu.

Akarudi. Akasimama wima katikati ya zulia lililokunjwa, akatoa taarifa kwamba utepe ulikuwa mchafu, hivyo kipimo hakifai. Kanuni ya kumi na mbili inaruhusu kurudia, alisema, mradi wenye funguo wote wawili wakubaliane kwa maandishi.

"Sasa sijui," akaongeza, kwa upole wa paka, "nani mkubwa ataanza kuandika."

Msomaji wangu, wapiganapo tembo huumia nyasi, lakini asubuhi hiyo nyasi ndizo zilizowachokoza tembo.

Mhandisi alianza. Alifungua mkoba, akatoa karatasi yenye nembo, akaandika YAH: KURUDIA KIPIMO, akagonga mhuri na kumkabidhi mama mkwe ampelekee Mwenyekiti. Kati ya goti la Mhandisi na goti la Mwenyekiti kulikuwa na nafasi ya mto mmoja wa kochi. Mama mkwe akazunguka meza yote kwa adabu na kuifikisha.

Mwenyekiti akairudisha bila kuisoma. Haina kumbukumbu namba.

Ikaandikwa upya. Safari hii Mwenyekiti aliisoma, akajibu kwamba barua yake tajwa imepokelewa na inafanyiwa kazi. Akakunja nne na kuifanyia kazi kwa dakika ishirini. Kisha akaandika kwamba kamati haipingi kurudia, ila inapinga mtu wa serikali kuu kuwa wa kwanza kupendekeza jambo lililomo ndani ya mipaka ya mji. Mhandisi akauliza, kwa barua, ni lini sebule hii ilianza kuwa ndani ya mipaka ya mji. Akajibiwa, kwa nakala tatu, kwamba tangu kibali cha ujenzi. Ikafuata nyingine, YAH: GOTI LAKO, ambayo sitaiweka hapa kwa kuwa gazeti hili linasomwa na familia.

Mama mkwe alikwenda na kurudi na barua mpaka miguu ikamuuma. Katikati ya safari moja alimwekea Mhandisi chai, naye akaikataa.

"Leo huna kiu?" mama mkwe alimuuliza. Mhandisi ni mtu wa kiu kweli. Kila Jumanne hufika saa nzima kabla ya wengine, kukagua mazingira, na jambo la kwanza huomba jagi la maji. Mara zote jagi hurudi tupu.

Safari nyingine alijikwaa kwenye dumu la Mwenyekiti lililokuwa mlangoni. Gari la Mwenyekiti ni bovu, linachemka kila baada ya mitaa miwili, kwa hiyo yeye hatembei bila dumu la lita ishirini. Mama mkwe alilisogeza kwa kidole cha mguu akaendelea na utarishi wake.

Muda wote huo kifuniko kilikuwa wazi. Mpimaji alikaa sakafuni kando ya bomba, akiangalia saa ya ukutani, roho juu. Hakuna kilichosikika, lakini alijua maji yanashuka. Ya kusuuzia yalikuwa yanaondoka, na ya kweli yalikuwa yanajitokeza.

Saa sita kasoro dakika kumi makubaliano yakapatikana. Barua zilikuwa kumi na saba.

Akatumbukiza utepe.

Thelathini na nane na nukta sita. Kimya.

Arobaini. Kimya. Mhandisi akakohoa.

Arobaini na tano. Mwenyekiti akalegeza tai. Utepe uliendelea kuteleza vidoleni mwa Mpimaji, na kila mita iliyopita ilimchoma, kwa sababu alikuwa anaiona wodi ya wazazi na bomba lake linalokohoa.

Pii.

"Arobaini na tisa na nukta nane," alisoma. "Tumebakiza mita tano na kidogo kufika pampu ya zahanati."

Akachukua fomu, akaandika namba zote mbili, ya kwanza na ya pili. Chini yake kuna safu moja ambayo kwa miaka sita ilibaki tupu: Sababu ya tofauti. Mistari mitatu.

Ndipo lilipotokea jambo ambalo hata mimi ninayewasimulia sikulitegemea. Mhandisi aligeuza shingo, akamtazama Mwenyekiti usoni, na kusema kwa mdomo wake mwenyewe, bila barua:

"Nadhani kifaa ni kibovu."

"Naunga mkono," alisema Mwenyekiti.

Maneno ya kwanza kati yao kwa miezi kumi na minne, na tayari wamekubaliana. Wakaanza kusaidiana kama mapacha. Mmoja alisema Mpimaji aandike kifaa kibovu, mwingine akasema ndiyo, na kipimo cha kwanza kibaki kuwa halali. Mmoja akasema mihuri inaweza kugongwa sambamba, mwingine akasema wazo hilo ni zuri sana. Hati ikasogezwa. Mwenyekiti hata alimwazima Mhandisi wino.

Wakamweleza Mpimaji, kwa upole, kwamba kifaa kikiwa kibovu hakuna mtu wa kulaumiwa.

Hakuna mtu wa kulaumiwa. Sikieni neno hilo lilivyomshika. Maneno mawili tu kwenye mstari wa kwanza, na mama mkwe asingeguswa na mtu. Alimtazama yule mwanamke amesimama mlangoni mwa jikoni na kitambaa begani, mikono imekunjamana kwa miaka ya kufua, na kalamu ikaanza kusogea kuelekea karatasi. Alikuwa ameshaandika K.

Mama mkwe akavuka sebule, akaichukua kalamu mkononi mwake.

"Mwanangu, nipe. Wewe mwandiko wako unatetemeka."

Akainama juu ya meza. Akamvua Mwenyekiti miwani bila kumwomba, akaivaa, akasogeza fomu karibu na pua na kuandika taratibu, huku akijisomea kwa sauti:

"Ndoo moja. Kila Jumanne. Mimi."

Akatia sahihi. Akapuliza wino ukauke.

Mpimaji alisikia machozi yakija na safari hii hakuyazuia. Mwenyekiti aliruka juu, akasema kumbe ndivyo, huu ni uhujumu, mama huyu ameuchezea mji mzima, sheria ichukue mkondo wake. Mhandisi akasema ofisi yake itaandika barua leo hii. Wote wawili walionekana wamepona homa.

Walisherehekea mapema.

Kwa sababu Mpimaji, machozi yakiwa bado shavuni, alikuwa amegeuza fomu na anapiga hesabu nyuma yake. Ndiyo kazi yake, na hakuna mtu mle ndani aliyeijua kuliko yeye.

"Samahani wakubwa," alisema. "Ndoo ya mama ni ya lita ishirini. Katika bomba hili lita ishirini zinapandisha maji mita tano na nukta mbili. Maji yameshuka mita kumi na moja na nukta mbili."

"Kwa hiyo?" aliuliza Mwenyekiti.

"Kwa hiyo kuna mita sita ambazo si za mama."



Mama mkwe alivua miwani, akaikunja na kumrudishia mwenyewe. Alikuwa anafikiri. Halafu akatazama mlangoni.

"Mwenyekiti," alisema, "lile dumu lako. Unapofika asubuhi huwa limejaa, nakuona unalibeba kwa mikono miwili. Nikitoka jikoni na chai, huwa jepesi. Mimi siku zote nilidhani linavuja."

Mwenyekiti alijifuta shingo. Jasho lilikuwa linamshuka kutoka nyuma ya masikio.

"Lita ishirini nyingine," Mpimaji alisema taratibu. "Mita tano na nukta mbili nyingine."

Ndipo Mwenyekiti alipoanguka kwenye kochi na kusema, akiwa ametazama magoti yake, kwamba kamati ingevunjwa. Kanuni ndivyo inavyosema: maji yakishuka chini ya mita arobaini na tano mara tatu mfululizo, kamati inavunjwa na ufunguo unachukuliwa na serikali kuu. Angempa ufunguo yule, alisema, yule aliyetaka mhuri wake uwe juu? Bora abebe dumu. Na bawaba aliigundua siku moja alipodondosha sarafu.

Mpimaji aliandika tena. Sita toa tano na nukta mbili. Akapigia mstari jibu. Ilibaki nukta nane. Karibu mita moja ya maji isiyo na mwenyewe, kama lita tatu hivi.

Mistari miwili kwenye safu ilikuwa bado mitupu. Mama mkwe akanyoosha kalamu mbele ya kochi. Mwenyekiti hakuigusa. Mkono uliotoka kuipokea ulikuwa wa Mhandisi.

Aliishika. Mbele yake zilikuwepo karatasi mbili, fomu upande huu na Hati ya Pamoja upande ule, na mhuri wake wenye wino mbichi katikati. Akalamba midomo. Akasema koo limemkauka, akaomba maji kidogo ya kunywa.

"Jagi liko tupu, mwanangu," alisema mama mkwe. "Umesahau ulikoyamwaga?"

Mhandisi akainamisha kichwa. Kalamu ikashuka juu ya mojawapo ya zile karatasi, na Mpimaji, aliyekuwa bado amepiga magoti kando ya kisima, hakuweza kuona ni ipi.